Eksi Ile Haikuwa Ndogo

Mpaka leo, mtu akiniambia "hicho ni kidogo, kiache", damu hunichemka. Nimestaafu, nina wajukuu, magoti yananiuma na daktari amenikataza hasira. Lakini neno hilo likinifika sikioni narudi palepale, kwenye maabara ya kemia, Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na penseli iliyochongwa pande zote mbili na tumbo tupu kwa sababu ni Ramadhani.

Nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Wasichana tulikuwa wawili tu darasani. Mimi nilikuwa wa kutwa, nikikaa Ufukoni kwa bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Mikindani aliyehamia mjini baada ya babu kufariki. Mwenzangu alikuwa wa bweni, binti wa wakulima wa korosho upande wa Madimba. Tulikaa meza ya mbele kwa sababu hakuna mvulana aliyetaka kukaa chini ya pua ya mwalimu. Meza zenyewe zilikuwa nzito ajabu. Watu walisema zilichongwa kwa mataruma ya reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, ile iliyong'olewa.

Mwalimu wa kemia alikuwa kijana wa bara, ametoka chuo kikuu karibuni, suruali yake imenyooshwa pasi hata siku za vumbi. Sitasema alikuwa mwalimu mbaya. Somo lake alilijua na alilipenda. Ubaya wake ni kwamba alituona wavivu kabla hatujafungua daftari. "Ninyi watu wa kusini," alisema siku ya kwanza, "mmezoea zao linaloanguka lenyewe. Korosho inaiva, inadondoka, mnaokota. Kemia haidondoki."

Wavulana walicheka, na wengi wao walikuwa wa kusini vilevile. Mwenzangu hakucheka. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya kuungua kwa mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayoruka wakati wa kukaanga. Aliikunja chini ya meza, nami nikaiona anavyoikunja. Siku ile ile nilimchukia yule mwalimu, na chuki ile ilinifaa sana, maana ilinifanya nisome.

Halafu akatangaza sharti. Nafasi za maabara zilikuwa chache, kwa hiyo mtihani wa muhula ungekuwa mchujo. Atakayepata chini ya hamsini katika kemia angehamishiwa mchepuo wa sanaa, na orodha ingepelekwa kwa mkuu wa shule. Sanaa haikuwa aibu. Lakini mimi tangu mdogo nilikuwa nikimsindikiza Bibi hospitali, tukisimama kwenye foleni ya dirisha la dawa, na ndani ya dirisha lile kulikuwa na mtu mwenye koti jeupe akipima, akichanganya, akitikisa chupa. Nilitaka kuwa upande ule wa dirisha. Bila kemia nisingefika.

Mada ya muhula ule ilikuwa msawazo. Mwalimu alitueleza kwa mfano wa soko: asubuhi watu wanaingia tu, lakini ikifika saa fulani wanaoingia na wanaotoka wanalingana, na soko linabaki limejaa vilevile ingawa hakuna aliyesimama. Mmenyuko wa kemia nao ndivyo ulivyo ukifungiwa ndani ya chupa. Kitu kinageuka kuwa kingine, na kile kingine kinarudi kuwa cha kwanza, mpaka kwenda na kurudi kunalingana. Kazi yetu ilikuwa kukokotoa kila kimoja kimebaki kiasi gani. Unachora jedwali la mistari mitatu: kilichokuwepo, kilichobadilika, kilichobaki. Kilichobadilika hukijui, unakiita eksi. Kisha unatumia namba ya msawazo, ile inayoandikwa K, kuitafuta hiyo eksi.

Mwanzoni nilikosa kila swali. Nilijaza jedwali vizuri, hesabu zangu zilikuwa safi, lakini majibu hayakulingana na ya kitabuni hata kwa bahati. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Ujazo uko wapi?" na mimi sikuelewa ujazo unahusika nini. Moli ndiyo kipimo cha wingi wa kitu katika kemia, na moli mbili ni moli mbili. Zikiwa ndani ya chupa au ndani ya pipa, si zilezile?

Aliyenifundisha si yeye. Ni Bibi, na alinifundisha bila kukusudia.

Bibi yangu alikuwa na msimamo wake katika Ramadhani. Masheikh walisema mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Bibi hakukubali. "Ulimi ni mwizi," alisema, "ukiuonyesha mlango utajipitia mwenyewe." Kwa hiyo nyumbani kwetu futari ilitiwa chumvi kwa kukadiria, bila kuonjwa na mtu. Alikuwa na kifuu chake cha kupimia chumvi ya mawe, amekichora alama kwa kisu: hapa ni muhogo, hapa ni kunde, hapa ni mchuzi wa samaki. Na alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona nyumba nyingine. Jua likizama, baada ya tende na maji, aliyepika ndiye anayekula tonge la kwanza, na ndiye anayesema. Chumvi ikiwa imezidi, anasema imezidi. Ikiwa imepungua, anasema imepungua. Anasema kwa kinywa chake, kwa sauti, kabla mgeni hajanyoosha mkono. Ilikuwa mwiko kungoja mtu mwingine akuambie kosa la chungu chako.

Siku ya tatu ya mfungo aliniachia jikoni akaenda kumtazama jirani aliyejifungua. Nilipika muhogo wa nazi. Siku zote tulipika sufuria kubwa, maana majirani walikuja kufuturu kwetu, lakini siku ile walialikwa kwingine, nikapika sufuria ndogo. Chumvi nikaipima mpaka kwenye alama ya muhogo, kama ninavyoiona kila siku. Magharibi nikala tonge la kwanza na macho yakanitoka.

"Sema," alisema Bibi.

"Imezidi."

Akaonja. Akaenda kunywa maji, akarudi. "Umetia kiasi gani?"

"Kilekile cha kila siku, Bibi. Mpaka kwenye alama."

Akanitazama kama mtu anayeangalia nguo iliyoshonwa ikiwa na mkono mmoja. "Mjukuu wangu, unasoma shule gani wewe? Chumvi haina wingi wala uchache peke yake. Chumvi ina maji yake. Kifuu kimoja baharini hakuna atakayekijua. Kifuu hichohicho kwenye kikombe ni sumu."

Nilinyanyuka na mkono wangu una muhogo, nikaenda kuchukua daftari. Nadhani Bibi alifikiri nimekasirika. Nilikuwa nimeona ujazo uko wapi. Moli mbili zina chupa yake. Haitoshi kujua ni kiasi gani cha kitu kimo. Lazima ukigawe kwa lita zinazokibeba, ndipo ujue kimekolea vipi. Nilirudia maswali yote niliyokosa, na moja baada ya jingine yakakubali. Nilifurahi mpaka nikajicheka.

Na kwa sababu nilijifunzia jikoni, nilichukua na ile sheria ya pili. Kila nilipopata jibu, nililirudisha chunguni. Nilichukua viwango nilivyovipata, nikaviweka mahali pake kwenye kanuni, nikaona kama vinanipa K niliyopewa. Kama havinipi, nilijisema mwenyewe, kabla ya wino mwekundu.

Mtihani ulikuja katikati ya mfungo. Swali la sita lilikuwa na alama nane. Gesi isiyo na rangi imefungiwa ndani ya chupa ya lita tano, nusu moli. Inagawanyika, kila chembe moja ikitoa mbili za gesi ya kahawia. K ni 0.02. Tafuta viwango vya gesi zote mbili katika msawazo.

Nusu moli kwa lita tano ni 0.1. Nikachora mistari yangu mitatu. Ya kwanza inabaki 0.1 kutoa eksi, ya pili inakuwa eksi mbili. Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Wiki mbili nyuma mwalimu alikuwa ametufundisha mkato: kwa kuwa eksi ni ndogo, iache, sema 0.1 kutoa eksi ni 0.1 tu. Aliufundisha kwa asidi ya siki, ambayo K yake ni ndogo mno, na kwa siki ulikuwa mkato halali. Niliujaribu na hapa. Ukanipa eksi 0.022. Nikarudisha chunguni. Badala ya K ya 0.02 nikapata karibu 0.026.

Imezidi, nikajisema.

Nikafuta. Nikafanya njia ndefu, mlinganyo wa kipeo cha pili, wenye mabano na kipeuo chake. Ukatoa majibu mawili. Moja lilikuwa hasi, nikalitupa, maana gesi haiwezi kuwa pungufu ya kutokuwepo. La pili lilikuwa 0.02 kamili, bila mkia. Gesi ya kwanza 0.08, ya kahawia 0.04. Nikarudisha chunguni: 0.04 mara yenyewe, gawa kwa 0.08. Ikatoka 0.02. Niliweka penseli chini nikiwa na kiu na raha.

Karatasi ziliporudi, swali la sita nilikuwa na sifuri. Pembeni ameandika: "Eksi ni ndogo. Fuata ulichofundishwa." Jumla yangu ilikuwa arobaini na sita. Mwenzangu alikuwa na hamsini na tisa, na jibu lake la 0.022 lilikuwa na alama ya vema. Darasa zima lilikuwa na 0.022.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, swali la sita. Jibu langu ukilirudisha kwenye kanuni linatoa K. Lile jingine halitoi."

"Tofauti ni ndogo," alisema bila kugeuka. Alikuwa anafuta ubao.

"Si ndogo, Mwalimu."

"Kaa chini. Kidogo katika kemia tunakiacha."

Sasa hapa ningeweza kukaa. Msichana aliyelelewa vizuri angekaa. Lakini niliitazama ile arobaini na sita, na maneno yakatoka kabla sijayapiga pasi. "Kama kidogo kinaachwa, Mwalimu, mimi nimepungukiwa alama nne tu. Ziache."

Darasa lilicheka. Akageuka kwa ghafla. "Alama nne si kidogo!"

"Wala eksi!" Nilipaza sauti, sikatai. "Alama nne katika hamsini! Eksi ile ni moja ya tano ya gesi yote iliyokuwemo. Ipi kubwa?"

Kicheko kilikatika. Alinyoosha chaki kuelekea mlangoni. Alisema nisirudi darasani kwake mpaka niombe radhi, kwamba orodha inakwenda kwa mkuu wa shule keshokutwa, na kwamba huko kwenye sanaa nitapata nafasi ya kutosha ya kubishana. Nilikusanya vitu vyangu. Mwenzangu alinifuata mpaka kwenye kibaraza. "Omba radhi," alininong'oneza. "Eksi haitakuja kukuzika." Alikuwa ananipenda, na alikuwa na haki ya kuogopa, yeye alama zake alikwisha kuzipata.

Nilitembea mpaka Ufukoni nikilia kwa hasira. Bibi alikuwa anakuna nazi. Nilimweleza yote, na nilidhani atanigombeza, maana kwake mwalimu ni mzazi wa pili. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki cheupe.

"Ulimpandishia sauti?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na hiyo chumvi yenu, uliipima?"

"Niliipima mara mbili."

Akanawa mikono. "Basi sauti iombee radhi. Chumvi usiiombee radhi." Akachukua buibui lake. "Twende. Mtoto wa kike haendi peke yake nyumbani kwa mwanamume."

Tulimkuta kwenye baraza la nyumba za walimu, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Alipomwona Bibi alisimama, akaamkia, "Shikamoo, Bibi." Bibi akaitikia, akakaa kwenye mkeka bila kungoja kukaribishwa mara ya pili. Mimi nilibaki nimesimama.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Nilikupandishia sauti mbele ya darasa. Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulilegea kidogo. "Na swali?"

"Swali siliombei radhi."

Nilimwona anavuta pumzi ya kunifukuza tena. Bibi akawahi. Alikuwa akiutazama ule ungo kwa muda, na mikono ilikuwa inamwasha. "Lete hapa, mwanangu," alisema, akauchukua magotini pake. Alipepeta mara mbili, akatoa jiwe, akaliweka ukingoni mwa ungo. Akatoa la pili. "Mie hesabu zenu sizijui. Ila nnajua mpishi huonja chungu chake mwenyewe. Kaangalie chako mie nikikuchambulia mchele."

Kijana yule angeweza kumkatalia mwanafunzi. Hakuweza kumkatalia bibi kizee aliyeshika ungo wake. Aliingia ndani, akatoka na karatasi na kitabu cha logi. Alikokotoa kwanza jibu lake. Niliona mkono wake unakwenda haraka, kisha polepole, kisha unarudia tangu juu. Akafanya langu, halikuhitaji hata logi. Akaziandika zile namba mbili kando kwa kando.

"Mawe matatu tu," alisema Bibi. "Kidogo. Lakini ungeyauliza meno yako."

Aliniambia, "Kesho uje darasani," basi. Tulirudi haraka kuwahi adhana, na njiani Bibi hakuzungumzia kitu isipokuwa kwamba mchele ule ulikuwa wa zamani na kijana angepaswa kuuloweka.

Asubuhi nilikuta karatasi yangu juu ya meza. Sifuri imekatwa, nane imeandikwa, jumla hamsini na nne. Nilibaki kwenye sayansi. Orodha niliiona, imekunjwa ndani ya mfuko wa shati lake, haijaenda bado. Mwalimu alitusalimu, akaandika mada mpya ubaoni, akaanza kueleza kana kwamba jana haikuwepo.

Nilitazama daftari la mwenzangu. Masahihisho ya swali la sita yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko mzuri, yamepigiwa mstari: 0.022. Angelibeba jibu lile mpaka mtihani wa taifa. Wote wangelibeba. Na mimi nimekula tonge langu, nimeshiba, nimenyamaza.

Nikanyoosha mkono. Mwenzangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Nini tena?"

"Swali la sita, Mwalimu. Wenzangu bado wana 0.022."

"Wewe alama zako umepewa."

"Ndiyo, Mwalimu. Asante."

Sikushusha mkono. Sikuongeza neno wala sikupaza sauti. Radhi ya sauti nilikwisha kuiomba na sikutaka kuiomba tena. Alinitazama. Akagusa mfuko wa shati, ule wenye orodha. Mkono ulipochoka nikaushika kwenye kiwiko kwa mkono wa pili, ukabaki juu. Nyuma yangu hakuna aliyecheka.

Akachukua kifutio. Alifuta mada mpya yote, akachora jedwali la mistari mitatu, akafanya njia ndefu, hatua kwa hatua, mpaka 0.02. Kisha akarudisha jibu kwenye kanuni mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akageuka, chaki mkononi.

"Futeni mlichoandika. Eksi ile haikuwa ya kuachwa." Alisita, akakohoa. "Nilikosea mimi, si ninyi. Alama zenu hazitaguswa."

Nikashusha mkono.